Fyuzi ya sigara ilivyotaka kututoa roho!

JAMANI wasomaji wangu, mimi mzima, shemeji yenu naye mzima, ingawa mwaka 2022 kidogo tu mngetusoma kwenye ukurasa wa tanzia badala ya hapa. Na sababu yenyewe ukiisikia utacheka: kile kikaratasi cha rangi ya fedha cha ndani ya pakiti ya sigara. Tulia nikupe mkanda mzima.

Mimi nina pikipiki, Honda CG125. Sikuinunua, ni ya mzee. Aliinunua mkononi kwa mtu mwaka 1989, wakati huo yeye ni bwana shamba kule Kilosa, akawa anaikanyaga Kilosa na Kimamba, kwenda na kurudi, masika na kiangazi. Washkaji wa kijiweni wakiiona wanaiita "bibi". Waache wacheke. Bibi huyo ukimpiga kiki moja anaitika, wakati boda zao mpya zinasukumwa asubuhi kama mkokoteni.

Mzee alihamia kwangu Tabata baada ya macho kuanza kumsumbua. Mtoto wa jicho, tena yote mawili. Akanikabidhi ufunguo mbele ya shemeji yenu, akasema: "Mwanangu, hii ukiitunza nayo itakutunza." Nikapokea kwa mikono miwili. Kumbe sijui ninachokipokea!

Basi bwana, mwezi wa tatu ule wa 2022 kikaanza kimbembe. Siku moja niko Barabara ya Mandela, mtu kakatiza mbele yangu na ndoo ya samaki, nikabonyeza honi. Kimya! Nikawasha indiketa. Imekufa! Lakini injini inanguruma na taa kubwa ya mbele inamulika kama kawaida. Nikajisemea, mbona mauzauza?

Sasa hapa wewe mwenye pikipiki ya zamani fungua masikio. Nyingi ya hizi pikipiki ndogo ni kama nyumba yenye majiko mawili. Jiko la kwanza ni zile koili zinazozungukwa na sumaku pale ubavuni mwa injini. Hizo zinapika moto wa plagi, na katika pikipiki kama yangu zinapika na umeme wa taa kubwa. Jiko la pili ni betri, inayolisha honi, indiketa, taa ya breki na kile kitaa cha nyutro. Fyuzi inalinda jiko la pili. Ikiungua, jiko la kwanza linaendelea kupika kama hakuna kilichotokea. Wewe unaona mbele, unatesa tu, kumbe aliye nyuma hajui kama umefunga breki!

Hilo nililijua vizuri Tabata Relini, saa mbili usiku. Nimefunga breki kwa sababu ya foleni, nikasikia matairi yanalia nyuma yangu. Nageuka, daladala hii hapa, imesimama kama hatua moja kutoka kwenye sahani yangu ya namba. Konda akatoa kichwa dirishani akanimwagia maneno ambayo mhariri wangu hawezi kuyachapa. Na alikuwa na haki yake.

Nikanunua fyuzi mpya. Ikakaa siku mbili, ikaungua. Nyingine, siku nne. Nyingine haikumaliza hata asubuhi. Ya tano ilipoungua nikaona isiwe tabu, nikaenda kwa fundi mmoja wa kijiweni, kijana mwenye maneno mengi kuliko spana.

"Bro, unajisumbua bure kununua fyuzi kila siku," akaniambia. Akaokota pakiti ya sigara chini, akachomoa kile kikaratasi cha fedha, akaizungushia fyuzi iliyoungua, akaipachika. Honi ikalia piii! "Hii haiungui ng'o!" Nikampa buku mbili, na bado nikamwona mtaalamu.

Na kweli haikuungua. Hapo ndipo penye balaa lenyewe! Fyuzi yangu ni ya ampea 10. Maana yake umeme ukizidi hapo, kile kiwaya chembamba cha ndani kinakatika ili nyaya nyingine zipone. Ni mlinzi anayekubali kufa ili nyumba isiungue. Sasa wewe ukimtoa huyo mlinzi ukaweka karatasi ya bati, umeme ukizidi haukatiki kwenye fyuzi, unatafuta pengine pa kuunguza. Na hapo pengine, rafiki yangu, ni waya unaopita chini ya tangi la petroli.

Wiki mbili nikatamba. Wiki ya tatu, Ijumaa usiku, nimemfuata shemeji yenu kwenye kichen pati Buguruni. Kapendeza, kavaa vitenge vya sare, nywele zimesukwa siku nzima. Tukarudi salama mpaka kona ya kuingia mtaani kwetu. Nakata kushoto tu, nasikia sauti nyuma: "Baba nanii, mbona kunanuka plastiki?"

Kabla sijajibu moshi ukatoka katikati ya magoti yangu! Mweupe, mzito, unachoma pua. Nikazima ufunguo, nikaishusha miguu, shemeji yenu keshatua chini kitambo, viatu mkononi, anakimbia peku kwenye tope huku akiita majirani. Sikumlaumu. Tangi lilikuwa limejaa, nilikuwa nimetoka kulijaza nusu saa iliyopita.

Moshi ukakata wenyewe. Nikaikokota bibi mpaka nyumbani. Siku ile shemeji yenu hakunisemesha, ya pili hakunisemesha, ya tatu akasema maneno matatu: "Uza hilo jeneza." Wala sikubisha. Nilikuwa nimeshapata mteja wa vipuri, anaitaka injini tu, fremu atapeleka kwenye vyuma chakavu. Tulikubaliana aje Jumapili.

Kilichokuwa kigumu ni kumwambia mzee. Jumamosi asubuhi nikamkuta barazani na kikombe chake cha chai ya rangi. Nikamweleza yote, mpaka la sigara. Nilitegemea atafoka. Hakufoka. Akauliza swali moja tu.

"Ulipozima ufunguo, moshi uliendelea au ulikata?"

"Ulikata, baba."

"Basi shoti yako haiko kati ya betri na switchi. Iko baada ya switchi. Ingekuwa kabla, ungezima ufunguo na ingeendelea kuungua. Hapo nusu ya nyaya umeshazitoa kwenye kesi."

Nikabaki nimeduwaa. Mimi nimeunguza fyuzi tano, nimelipa fundi, nimetaka kuunguza mke wa mtu, yaani wangu, na sijawahi kujiuliza hilo.

"Na huwa inaungua ukiwa unafanya nini?"

"Inaungua tu, baba."

"Hakuna kitu kinachoungua tu. Fikiri."

Nikafikiri. Moshi ulitoka kwenye kona ya mtaani kwetu, nakata kushoto. Fyuzi ya kwanza, nakumbuka niligundua imekufa baada ya kutoka getini kazini, nako unatoka unakata kushoto. Ile iliyokufa asubuhi nilikuwa nageuza pikipiki uani, usukani nimeukunja mpaka mwisho. Kushoto!

Mzee akatikisa kichwa. "Leta kigoda. Ondoa tangi, lipeleke mbali, hata kule bafuni. Funga koki ya mafuta kwanza."

Wakati nafungua, akapita jirani yetu mmoja, mtu mwema, lakini ni wale wanaojua kila kitu. Akachungulia akasema: "Hapa tatizo ni ethi. Chukua huo waya mweusi uufunge kwenye fremu, mweusi ndio ethi dunia nzima." Nikanyoosha mkono nichukue plasi. Mzee akapiga kigoda kofi: "Acha!"

Jamani, hili likateni mbandike ukutani. Rangi za nyaya hazifanani kwa kila kampuni. Kwenye Honda, kijani ndiyo ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi. Mweusi ni moto unaotoka kwenye switchi, na mwekundu ni moto wa betri. Kwenye Yamaha ndiyo mweusi ni ethi, na moto wa switchi ni kahawia. Suzuki, ethi ni mweusi wenye mstari mweupe, na moto wa switchi ni rangi ya chungwa. Kawasaki, ethi ni mweusi wenye mstari wa njano. Sasa ukichukua elimu ya Yamaha ukaileta kwenye Honda, ukafunga mweusi kwenye fremu, ukiwasha ufunguo tu umepiga shoti kwa mkono wako mwenyewe. Mzee haoni rangi tena, lakini hizo alizisema zote kwa mpigo kama mtoto anayesoma juzuu. Kule Kilosa hakukuwa na fundi wa kumkimbilia.

Akaniuliza: "Una globu ya taa ya breki? Ile ya wati 21?" Nilikuwa nayo. "Ifunge waya mbili, moja pembeni, moja kitakoni. Halafu toa hiyo takataka ya sigara, na mahali pa fyuzi weka globu."

Hiki ndicho nilichotaka kukupa leo, na ukikishika hutaliwa tena hela zako na mtu. Ukiweka fyuzi mpya kwenye shoti inakufa palepale na hujifunzi kitu. Lakini ukiweka globu mahali pa fyuzi, globu haifi, inakuongelesha. Washa ufunguo, weka gia ili taa ya nyutro isikuchanganye, usiguse breki wala indiketa. Kama hakuna shoti, umeme hauna pa kwenda, globu inalala. Kama ipo, umeme wote unapita kwenye globu ukikimbilia kwenye fremu, na globu inawaka kwa nguvu zake zote. Na kwa kuwa globu ya wati 21 hairuhusu hata ampea mbili kupita, hakuna waya utakaoungua wakati unatafuta. Unaweza kutafuta mpaka jioni.

Nikafunga. Nikawasha ufunguo. Globu imelala. Nikazungusha usukani kulia, imelala. Nikaenda mbele ya pikipiki, nikaushika usukani kwa mikono miwili, macho kwenye nyaya za shingoni, na globu nikamwachia mzee aishike kwa waya zake, maana zilikuwa fupi na yeye amekaa palepale ubavuni. Nikaanza kukunja kushoto taratibu.

"Imewaka!" mzee akapiga kelele.

Nikashtuka, nikaachia. "Imezima!" Nikakunja tena. "Imewaka! Hiyo hapo! Hapohapo usitoke!"

Wasomaji wangu, mzee wangu wakati ule alikuwa hatambui sura. Ukisimama mbele yake anakujua kwa sauti. Lakini mwanga na giza alikuwa bado anavitofautisha, na ile globu alikuwa ameishika karibu na uso. Mimi mwenye macho mawili mazima nilikuwa naangalia nyaya na sioni kitu. Aliyeona ni yeye. Na uso wake ulivyokuwa, sijawahi kuuona hivyo tangu aje mjini.

Nikaushikilia usukani palepale, nikawa nabonyeza lile fungu la nyaya kidole kwa kidole. Nikifika shingoni, pale linapopita karibu na fremu, mzee anasema "imezima", nikiachia "imewaka". Basi, mwizi kapatikana. Nikachomoa ufunguo, nikafungua waya wa hasi wa betri kabla ya kukata chochote, nikachana ule utepe.

Waya mweusi umevuliwa nguo! Shaba tupu, inang'aa, imesuguliwa na chuma cha shingo. Na kwa nini ulikuwa unasugua? Kwa sababu kulikuwa na kamba ya plastiki imelikaza lile fungu kwenye fremu, halina hata nafasi ya kupumua. Kila usukani ukienda kushoto waya unavutwa unabanwa kwenye chuma.

"Nani kaweka kamba hapo?" mzee akauliza, maana alipapasa akaikuta.

Nikameza mate. "Mimi, baba. Mwezi wa kwanza. Nyaya zilikuwa zinaning'inia, nikataka ipendeze."

Mzee alicheka mpaka chai ikamwagika. Nami niliyekuwa namlaani fundi wa sigara, ikabidi nicheke.

Matengenezo yenyewe hayakuwa na longolongo. Waya mweusi ulikuwa umeyeyuka kipande cha kama shubiri moja, na ule wa kijani uliolala naye ukawa umeungua ganda. Ndiyo maana ukiona moshi usiishie kuziba pale penye tundu, chana utepe uone majirani walivyopona. Nikakata vipande vibovu vyote viwili, nikaunga vipya vya unene uleule, nikalehemu kwa risasi, kila kiungo nikakivalisha ganda lake, juu nikapitisha mpira laini. Kusokota waya kwa vidole na kuviringisha selotepu ni kuahirisha tatizo, pikipiki inatikisika. Kisha nikalipitisha fungu likiwa limelegea, usukani uende kushoto na kulia bila kuvuta kitu.

Kabla ya kuweka fyuzi, globu tena. Mzee akaishika. Nikazungusha usukani kushoto, kulia, kushoto, kulia, mara ishirini. "Imelala," akasema. "Bado imelala." Ndipo ikaingia fyuzi halali, ampea 10, wala si 15 wala si 20. Nikarudisha tangi, nikapiga kiki, bibi akaitika. Nikaazima mita kwa jirani: betri peke yake volti 12.6, nikivuta mafuta kidogo inapanda mpaka karibu 14. Ingebaki palepale bila kupanda, maana yake haichaji. Ingepita 15, kidhibiti chake kingekuwa kinaipika betri. Nikabonyeza honi. Shemeji yenu akachungulia dirishani, akaguna, akarudi ndani. Kwa anayemjua, huo ni msamaha.

Mteja wa vipuri nikampigia simu asije.

Jioni nimekaa na mzee barazani. Kimya kirefu. Halafu akatoa mfukoni kichupa chake cha matone, yale ya dukani aliyokuwa akijitia asubuhi na jioni mwaka mzima. Siku zote nikimwambia twende hospitali anasema "matone yananisaidia", na mimi namwachia, kwa sababu kumbishia mzazi ni kazi, na kwa sababu ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kama yeye. Mtoto wa jicho hatoki kwa matone. Anatolewa kwa upasuaji, ndiyo dawa yake, nasi wote wawili tulikuwa tumeshaambiwa.

Akakizungusha kile kichupa vidoleni. "Na mimi nimezungushia karatasi," akasema. "Jumatatu una nafasi?"

Nilikuwa sina nafasi. Nikasema ninayo.

Jicho la kwanza lilifanyiwa mwezi wa tano, la pili likafuata baadaye. Siku walipomtoa bandeji na kumrudisha nyumbani nilimsimamisha uani, nikamletea bibi, nimeisugua inang'aa, nikisubiri machozi ya furaha. Mzee akaizunguka mara moja. Akasimama. Akanigeukia.

"Wewe, nani kakuambia uipake nyekundu?"

Ilikuwa bluu, wasomaji wangu. Niliibadilisha mapema nikijua hataona!

Haya, fyuzi ikiungua mara mbili usinunue ya tatu, nunua globu. Tukutane wiki ijayo.